Dada wa Ustawi, Orodha Yako Iko Wapi?

Dada yangu wa ofisi ya ustawi wa jamii, siku yako naijua. Asubuhi ni baba aliyetelekeza watoto, mchana ni mtoto aliyechomwa mkono na walezi wake, jioni mkurugenzi anadai ripoti. Kikao cha bajeti kikifika, idara yako inasomwa mwisho, wajumbe wameshaanza kutazama saa. Wakakuzoesha kuamini kwamba wewe ni mtu wa kupatanisha tu. Kataa!

Frances Perkins wa Marekani alianzia chini huko huko. Alijitolea Hull House, Chicago, katikati ya familia za wahamiaji maskini, kisha akaenda Philadelphia kuwafuatilia mawakala waliowarubuni wasichana wageni kwa ahadi za kazi. Machi 25, 1911, akiwa New York, alishuhudia kiwanda cha nguo cha Triangle kikiungua. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana, na baadhi aliwaona wakijirusha kutoka madirishani.

Wengi wetu tungechanga rambirambi, tukarudi kazini. Yeye aliingia kwenye uchunguzi wa viwanda, akawaburuta wanasiasa wakajionee. Seneta wa jimbo, Robert Wagner, alifanywa apenye mwenyewe kwenye tundu dogo lililoitwa njia ya dharura. Hotuba gani ingemfundisha hivyo?

Mwaka 1933 Rais Roosevelt alimtaka awe Waziri wa Kazi. Hakuna mwanamke aliyekuwa ameingia baraza la mawaziri la nchi ile. Hakukimbilia kushukuru, alikwenda na orodha: pensheni ya wazee, fidia kwa waliokosa kazi, kima cha chini cha mshahara, kukomesha ajira ya watoto. Rais asipoiunga mkono, atafute mwingine. Sheria ya hifadhi ya jamii ilipita 1935, ile ya mshahara na ajira ya watoto 1938. Sheria hizo hazikuwa kamili, tuseme kweli: ile ya 1935 iliwaacha nje watumishi wa majumbani na vibarua wa mashambani. Mwaka 1939 walikuwepo wabunge waliotaka kumng'oa. Alikaa miaka 12.

Sasa wewe. Kabati lako la mafaili lina habari ambazo diwani hana, mbunge hana. Acha kuandika "tunaomba vitendea kazi". Andika ni watoto wangapi wamelala kituo cha polisi kwa kukosa nyumba salama, ni kina mama wangapi wamerudi kwako na jeraha jipya. Mchukue diwani mwende pamoja hadi ofisini kwako, akae kwenye benchi la wanaosubiri, asikilize. Na siku wakikuita uongoze idara, gari la ofisi utaliulizia baadaye. Weka orodha mezani kwanza, uwaulize: haya mtanipa?

Ianze Jumatatu, kabla mgeni wa kwanza hajabisha hodi.