Ufunguo, Amana na Shaka

Udhibiti wa ufikiaji ni utaratibu ambao taasisi huutumia kuamua nani aingie wapi, aone nini na aguse nini. Mlinzi wa getini na daftari lake la wageni, kufuli ya stoo, nywila ya kompyuta na alama ya kidole kwenye mlango wa chumba cha seva vyote hujibu maswali mawili: huyu ni nani, na ameruhusiwa kufanya nini? Upande wa ufundi umepiga hatua kubwa ndani ya miaka hamsini iliyopita. Swali la maadili lililo chini yake ni la kale zaidi, nalo halijaisha: je, kumwekea mipaka mtu aliyekwisha kuajiriwa, kula kiapo na kuaminiwa ni kumdhania mabaya?

Wafanyakazi wengi huona kuwa ndivyo. Mhasibu mkongwe akiambiwa kwamba kuanzia leo malipo anayoandaa yataidhinishwa na mtu mwingine, huumia. Maumivu yake ni ya kweli na hayafai kubezwa. Lakini yametokana na dhana kwamba uaminifu na udhibiti havikai nyumba moja. Dini hazikuliona jambo hivyo. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inawahutubia walioamini wenyewe, si wezi wala maadui, na inawaamrisha kuandika deni la muda na kuweka mashahidi, deni liwe dogo au kubwa. Aya inayofuata ndiyo inayozungumzia kuaminiana, na kumtaka aliyeaminiwa airudishe amana. Katika sura ya 8 ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, Mtume Paulo anapanga jinsi ya kupeleka mchango wa makanisa. Hamtumi mtu mmoja. Anamtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, na sababu anayoitoa ni kwamba asiwepo mtu wa kuwalaumu. Hamshuku Tito. Anajua kwamba aliyekaa peke yake na fedha za watu hana namna ya kuonyesha usafi wake siku minong'ono itakapoanza.

Hapo ndipo kiini cha jambo kilipo. Mpaka humlinda mwaminifu kabla ya kumzuia mwizi. Ikiwa watu kumi wana ufunguo wa stoo na mali ikapotea, wote kumi wameingia doa, na tisa kati yao huenda hawana hatia yoyote. Ambaye hakuwa na ufunguo analala usingizi wake.

Kinga hiyo ikikosekana, anayeumia kwanza ni yule anayedhaniwa kupendelewa. Benki ya Barings ya London, iliyoanzishwa mwaka 1762, ilianguka Februari 1995. Nick Leeson, ofisa wake huko Singapore, aliongoza biashara ya sokoni na wakati huohuo akaisimamia ofisi iliyopaswa kuihakiki biashara hiyo. Hasara alizificha katika akaunti namba 88888, hadi zikafikia pauni milioni 827. Alifungwa, na lawama anaistahili. Hata hivyo waliomkabidhi kazi mbili ambazo moja ilipaswa kuisimamia nyingine walimwacha na kishawishi kila siku ya kazi, bila mwenzake wa kumuuliza neno. Huko si kumwamini mtu, ni kumtelekeza. Vikundi vya kuweka na kukopa vijijini katika Afrika Mashariki vimelielewa jambo hili vizuri kuliko benki hiyo kongwe. Sanduku la fedha huwekewa kufuli tatu, funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku hufunguliwa mkutanoni mbele ya wote. Hakuna anayeichukulia kufuli ya tatu kuwa tusi.

Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kanuni ambazo wataalamu wa usalama wa kompyuta wanazifuata hadi leo. Mojawapo inasema kila mtumiaji na kila programu ipewe ruhusa zile tu ambazo kazi yake inazihitaji. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wa Marekani wakaeleza mfumo unaofungamanisha ruhusa na jukumu la mtu kazini, badala ya jina lake: anayehamishwa idara anaziacha ruhusa za zamani kwa mrithi wake. Mawazo haya yanaonekana ya kiufundi, lakini yanagusa kiburi cha wakubwa. Ofisi nyingi huchukulia ruhusa kama cheo. Mkurugenzi hutaka kuona kila kitu kwa sababu ni mkurugenzi, kisha humpa katibu muhtasi nywila yake ili amfanyie kazi. Faili la mgonjwa, hata hivyo, si mali ya mkurugenzi. Ni siri ya mtu ambaye hayupo chumbani, na sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zimesimama upande wake.

Anabaki msimamizi wa mifumo, ambaye ndiye agawaye ruhusa kwa wengine. Katika kitabu cha pili cha *Jamhuri*, Plato anasimulia habari za mchungaji wa Lydia aliyeokota pete ya kumfanya asionekane, naye akaitumia kumuua mfalme na kutwaa ufalme. Swali linaloulizwa hapo ni kama yupo mtu atakayebaki mwadilifu akijua hataonekana. Msimamizi anayeweza kufuta kumbukumbu za matendo yake mwenyewe amevaa pete hiyo. Kwa hiyo kumbukumbu za mfumo hupelekwa mahali ambapo yeye hana mamlaka napo, zikasomwa na mwingine. Usomaji huo nao una mpaka: taasisi ina haki ya kujua nani alifungua kabati la dawa, haina haki ya kufuatilia mazungumzo ya muuguzi na mumewe. Kinacholindwa ni amana, si mwenendo mzima wa aliyeibeba.

Hata mpaka mzuri huvunjwa na dharura. Wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, wanakubali kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa, ila kwa kadiri ya dharura yenyewe. Hospitali zenye mafaili ya kielektroniki zinaweza kufuata njia hiyohiyo: mgonjwa akiletwa hajitambui, daktari asiye na ruhusa anaweza kulifungua faili lake, lakini mfumo unaandika jina, saa na sababu, na baadaye mtu mwingine huihakiki sababu hiyo. Hospitali isiyo na njia ya namna hiyo itawalazimisha watumishi wake kuazimana nywila ili kuokoa maisha, na nywila ikishaazimwa, haijulikani tena nani alifanya nini.