Kumhamisha Mzee

Twasoma katika Kitabu cha Mwanzo kwamba Yakobo alikuwa na umri wa miaka 130 aliposhuka Misri. Yusufu alimpelekea magari ya kumchukua. Lakini kabla ya magari alikwisha kumchagulia mahali, Gosheni, karibu naye, penye malisho.

Basi, kwetu wako wengi wanaohama Iringa kwenda Mbeya kwa ajili ya kazi, na mama mkongwe hawezi kuachwa peke yake. Mwana hutangulia. Dalali humwonyesha vyumba Mwanjelwa au Iyunga, naye huuliza kodi tu, maana mara nyingi mwenye nyumba hutaka ya miezi sita mbele. Haulizi choo ki wapi, wala ngazi ni ngapi, wala kama chumba chapata jua. Na baridi ya Mbeya mwezi wa Juni na Julai ni kali. (Watu wa Iringa husema wameizoea baridi. Kweli, lakini mama alikuwa na moto wake jikoni.)

Tena haulizi majirani. Mama aliyezoea kuamkiwa kwa Kihehe atasikia Kisafwa na Kinyakyusa mlangoni, na mchana kutwa nyumba ni tupu.

Sisi wachungaji tumewatembelea wazee kama hao. Hawalalamiki njaa, huuliza watazikwa wapi. Mwana hucheka, au hunyamaza. Yakobo naye aliliuliza neno hilo, na Yusufu hakucheka, aliapa. Mzee alipokufa, mwenye miaka 147, walimchukua kutoka Misri mpaka Kanaani, wakamweka katika pango la Makpela, kwa baba zake.