Hiari ya Wenye Nguvu

Tarehe 2 Novemba, 1978, Rais Julius Nyerere alipowatangazia Watanzania vita juu ya Idi Amin, alitaja mambo matatu: uwezo, sababu na nia. Bukoba na Muleba, katika mkoa ulioitwa siku zile Ziwa Magharibi, hazikuhitaji kufafanuliwa sababu. Askari wa Amin walikuwa wamekwisha kutwaa nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, wakaua na kupora, na waliosalimika walikuwa wakikimbilia kusini.

Lakini sababu ilikuwapo zamani. Amin alishika utawala Januari 1971, na mwaka uleule askari wa Kiacholi na Kilangi walichinjwa makambini kwa kosa la kuzaliwa walivyozaliwa. Dar es Salaam ilijua, ikalaani. Mwaka 1975 ilikataa kwenda Kampala kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Laana haimrudishi muuaji nyuma. Jeshi la Tanzania halikuingia Uganda mpaka ardhi ya Tanzania ilipokanyagwa. Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, Waganda walishangilia njiani, wala hawakumwuliza mwokozi wao ametoka kwake kwa kusudi gani. Wako wasemao kuwa wema uliochanganyika na faida si wema. Neno hilo ni rahisi kwa asiyekuwa gerezani mwa Amin.

Mwaka 1994 mto Kagera ulichukua maiti za Warwanda hadi Ziwa Viktoria. Ufaransa, Ubelgiji na Italia zilileta askari mwezi Aprili, wakawatoa wageni, wakaondoka. Aprili 21 Baraza la Usalama liliamua walinzi wa Umoja wa Mataifa wapunguzwe hadi 270. Basi uwezo ulikuwapo, kwani ndege zilitua na kuruka. Sababu ilikuwa imeandikwa katika mkataba wa mwaka 1948. Kilichokosekana ni nia. Marekani, iliyopoteza askari 18 Mogadishu Oktoba 1993, iliona hata kuyaita mauaji yale kwa jina lake ni kujitwika deni.

Tanzania nayo ipimwe kwa mizani hiyohiyo. Mwishoni mwa Aprili ile wakimbizi wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa siku moja, wakapokewa Ngara. Jeshi halikuvuka kwenda ng'ambo. Safari hii hapakuwa na askari mgeni aliyeikanyaga Kagera.