Beseni Badala ya Fimbo

Mafungu ya kusoma: Kutoka 30:17–21, Kumbukumbu la Torati 6:6, 7, Marko 7:1–8, Marko 10:13–16, Yohana 13:1–15.

Nilipokuwa kijana, kabla sijaenda kusomea stashahada ya theolojia, nilifundisha shule ya msingi katika kijiji kimoja kati ya Kahama na Geita. Kila Jumatatu mwalimu wa zamu alikagua usafi mstarini. Watoto walinyoosha mikono, naye akapita akitazama kucha, shingo na miguu. Aliyekutwa mchafu alitolewa mbele, akachapwa, na wenzake wakacheka. Zamu yangu ilipofika nilifanya vivyo hivyo, nikajiona mwalimu mzuri.

Jumatatu moja nilimtoa mbele mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Nikamwuliza, wote wakisikia, kama kwao hawaogi. Akajibu kwa sauti ndogo, "Maji ni ya kupikia, mwalimu." Baadaye niliambiwa kwamba mama yake aliamka usiku kufuata maji kwenye kisima kilichochimbwa katika mchanga wa mto, na baba yake alikuwa machimboni. Jumatatu iliyofuata mtoto hakuja shule. Jumanne alikuja. Jumatatu ya pili hakuja tena. Alikuwa amelielewa somo langu: siku ya usafi ni siku ya kujificha.

Kwa hiyo swali letu si dogo kama linavyoonekana. Je, ni sawa kumfundisha mtoto mdogo usafi kwa mchezo na furaha, au tumfundishe kama wajibu, apende asipende?

Wako wazazi na wazee wa kanisa, tena wenye nia njema, wanaosita. Soma Kutoka 30:17–21. Haruni na wanawe waliagizwa kunawa mikono na miguu kabla ya kuingia katika hema, wasije wakafa. Wanasema, jambo la kufa na kupona halifanyiwi mchezo. Tena wanasema, mtoto aliyezoea kunawa kwa wimbo ataacha kunawa wimbo utakapokwisha. Hoja hizi tusizidharau. Kuhara kunaua watoto wadogo, na kunawa kwa maji na sabuni ni mojawapo ya kinga rahisi tulizo nazo.

Lakini tumtazame mtoto mwenyewe. Mwenye miaka minne havioni vijidudu, wala hawezi kupima leo ugonjwa wa kesho. Anachoweza kutambua ni kama jambo fulani linamsogeza karibu na watu anaowapenda au linamtenga nao. Akifundishwa kwa hofu, atanawa mwenye fimbo akiwapo. Akifundishwa kwa furaha, atanawa hata asipoonwa na mtu, na akili yake itakapokomaa na kuuliza sababu, mkono utakuwa umekwisha kuzoea. Kumbukumbu la Torati 6:6, 7 inawaagiza wazazi wafundishe wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Hayo ni maisha ya kila siku, si ukaguzi wa Jumatatu.

Hata hivyo, furaha si hongo. Mtoto anayepewa pipi kila anaponawa anajifunza kupenda pipi. Furaha tunayoitafuta imo ndani ya tendo lenyewe: maji yanayochirizika, povu, wimbo, na mama anayenawa pamoja naye.

Soma Marko 7:1–8, kisha Yohana 13:1–15. Katika fungu la kwanza, watu wa dini wanawakagua wanafunzi na kuona mikono isiyonawiwa. Yesu hasemi kwamba uchafu ni mzuri. Anakataa mikono ya mtu isifanywe kipimo cha thamani yake mbele za Mungu. Katika fungu la pili anakutana tena na uchafu, safari hii miguu yenye vumbi ya rafiki zake. Hawatoi mbele ya wenzao. Anajifunga kitambaa, anachukua beseni, anainama. Ndivyo walivyopata kuwa safi miguu, kwa sababu Bwana wao alibeba maji.

Ningalikuwa nimelisoma fungu hilo vizuri, ningalileta ndoo ya maji mstarini badala ya fimbo. Na hapa ndipo penye hatari kubwa kwetu tunaoishi katika ukanda wa dhahabu. Mtoto anayefundishwa kwamba mwenye vumbi ni mtu mbaya, jioni anarudi nyumbani kwa baba mwenye vumbi. Tutakuwa tumemfundisha kumdharau mtu anayemlisha.

Basi tufanyeje? Nchi yetu ina mfano wa kufaa. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana juu ya malaria, kuhara na magonjwa mengine, kisha wakaenda pamoja kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Walijifunza wakiwa pamoja, na kikundi kilitoka na kazi ya kufanya. Kikundi chako cha Shule ya Sabato kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa ajili ya watoto.

Anzeni na kibuyu chirizi. Chukueni dumu dogo, mlitoboe tundu karibu na mdomo, mlitundike kwenye mti wa kulala juu ya miti miwili ya panda. Fungeni kamba kutoka shingoni mwa dumu hadi kwenye kijiti kilicho chini. Mtoto akikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika. Sabuni itundikwe kando kwa kamba. Maji kidogo yanatosha watoto wengi, na hakuna mkono mchafu unaoshika dumu. Zaidi ya hayo, mtoto mdogo hupenda kukanyaga kile kijiti. Hamtahitaji kumwita mara mbili. Chagueni wimbo mfupi wa idara ya watoto unaojaza sekunde 20, ndio muda wa kusugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole na kucha.

Kuna mchezo mwingine. Mpakeni mtoto mmoja majivu kidogo kiganjani, aamkiane na wenzake kwa mkono, kisha wote watazame viganja vyao. Watacheka, lakini hakuna atakayechekwa, maana majivu yatakuwa yamewafikia wote. Hapo waambieni kwamba vijidudu husafiri hivyohivyo, kisha mwende wote kwenye kibuyu chirizi, mwalimu akiwa wa kwanza.

Lakini mchezo usiwe pazia la kufunika wajibu wetu watu wazima. Maji ya Ziwa Victoria yanasukumwa kutoka Ihelele mpaka Kahama na Shinyanga, lakini bomba halijafika kila kitongoji. Hatuwezi kumwimbisha mtoto wimbo wa kunawa mahali ambapo hatujamtafutia maji. Tena kuna uchafu usiotoka kwa sabuni. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata dhahabu, kisha huichoma. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya Tanzania, yakiwemo ya Geita na Shinyanga, na wengine walikuwa wakiishika zebaki kwa mikono mitupu. Zebaki inang'aa na kuteleza kiganjani. Mtoto huiona kitu cha kuchezea. Mvuke wake hudhuru ubongo, na ubongo wa mtoto unaokua hudhurika zaidi. Hapa hakuna wimbo wa kumfundisha mtoto. Ni baba asiyechomea zebaki nyumbani, anayevua nguo za kazi na kuoga kabla ya kumpakata mwanawe. Ni kanisa linalozungumza na wachimbaji wake waziwazi, bila kuwaaibisha.

Katika Marko 10:13–16 wanafunzi waliwazuia watoto, naye Yesu akachukizwa. Kisha akawakumbatia. Hatuambiwi kwamba kwanza alitazama kucha zao.

Yule mtoto sikumwomba radhi. Kabla mwaka haujaisha, familia yake ilihamia machimbo mengine, na kiti chake kikabaki wazi. Kila ninapoona watoto wakisukumana kwa furaha kwenye kibuyu chirizi, huyatafuta macho yake.

Maswali ya kujadili:

1. Wewe ulifundishwaje usafi utotoni, kwa aibu au kwa upendo? Hilo limeachaje alama katika namna unavyowatendea watoto wako?

2. Kuna tofauti gani kati ya furaha na hongo katika malezi? Toeni mifano ya nyumbani kwenu.

3. Mtoto anakuja Shule ya Sabato akiwa mchafu. Mwalimu afanye nini kwanza, na aseme nini mbele ya wenzake?

4. Ni kitu gani kimoja ambacho kikundi chenu kinaweza kujenga, kuleta au kuondoa mwezi huu ili watoto wa mtaa wenu wawe safi na salama? Nani atabeba maji?