Haki ya Aliye Tumboni

Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, amuumbaye mwanadamu katika giza la tumbo la mamaye. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Mara nyingi mimba iharibikapo, au mtoto azaliwapo na kilema, wanaume wetu husema: "Ndivyo alivyoandikiwa." Neno hili ni la kweli, lakini mara nyingine hutumiwa mahali si pake. Basi twauliza: ikiwa mambo ya mtoto yameandikwa angali tumboni, je, yuko mtu wa kuulizwa kwa madhara yaliyompata humo?

Katika Suratul Muuminun twafunzwa daraja za kuumbwa kwake: tone, kisha pande la damu, kisha pande la nyama, kisha mifupa ivikwayo nyama. Na katika hadithi sahihi twafunzwa kuwa malaika huandika riziki yake, ajali yake na amali zake. Haya twayaamini pasi na shaka.

Lakini sheria iliyotufunza kadari ndiyo iliyotufunza pia hukumu ya ghurra. Wanawake wawili wa kabila la Hudhail waligombana. Mmoja akamtupia mwenziwe jiwe, akamuua pamoja na kilichokuwa tumboni mwake. Mtume (s.a.w.) akahukumu kilipiwe kile kijusi. Akasimama mtu wa upande wa mkosaji, akaona ajabu kulipia kitu ambacho hakijala wala hakijalia. Hoja yake haikukubaliwa. Mafakihi wetu wa Kishafii wameipima ghurra kwa ushuri wa diya ya mama, nao ni ngamia watano. Na imepokewa kuwa Sayyidna Umar alimwita mwanamke mjamzito, naye kwa khofu akaharibu mimba. Sayyidna Ali akamwambia kuwa diya ni juu yake, ijapokuwa hakukusudia shari.

Fahamu basi, ndugu yangu: lau kadari ingekuwa udhuru, ghurra isingehukumiwa kamwe. Dhambi huenda pamoja na makusudio na ujuzi. Ama dhamana yaweza kumshika hata asiyekusudia. Kadari ni ya kumliwaza aliyefikwa na msiba, wala si ya kumtakasa aliyeusababisha.

Atasema msemaji: "Na asiyejua?" Hapa yataka tuangalie waliyoyapata matabibu. Mwaka 1941 Norman Gregg, tabibu wa macho wa mji wa Sydney, aliona watoto wengi wakizaliwa na mtoto wa jicho, akabaini kuwa mama zao walikuwa wameugua rubela mwanzoni mwa mimba. Mwaka 1957 dawa iitwayo thalidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi, na wajawazito wakaimeza kutuliza kichefuchefu. Ilipoondolewa huko mwezi wa Novemba 1961, madhara yalikwisha kuenea katika nchi nyingi: watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na mikono au miguu mifupi, au hawanayo kabisa. Mama waliomeza hawakuwa na kosa, walimeza walichopewa.

Na jambo la kutia khofu ni huu wakati wenyewe. Viungo vikubwa hufanyizwa baina ya wiki ya 3 na ya 8, na njia ya uti wa mgongo hujifunga kama siku ya 28, ambapo wanawake wengi hawajajua hata kuwa wana mimba. Kwa hiyo matabibu huagiza vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, vianzwe kabla ya mimba kuingia. Ulinzi wa mtoto huanza kabla ya habari zake.

Sasa yahesabu yanayomdhuru mtoto, uone ni mangapi yapitayo mkononi mwa mume. Moshi wa sigara avutayo chumbani. Kaswende aliyotoka nayo nje, akamtia mkewe, naye akamtia mtoto. Pigo na ukelele. Fedha ya chakula anayoibana. Chandarua asichonunua, hali malaria humfanya mtoto azaliwe mdogo na dhaifu. Krimu za kung'arisha ngozi, ambazo baadhi yake zina zebaki, anazomsifia mkewe azipakapo. Kisha mtoto azaliwapo na upungufu, huyo huyo humtazama mama kwa jicho la lawama! Kasoro nyingi hata leo matabibu hawajui sababu yake. Haifai kumnyoshea mama kidole.

Nami nina langu la kukiri. Miaka mingi iliyopita alinijia mtu mwezi wa Ramadhani, akaniuliza juu ya mkewe mjamzito. Nikamjibu kama yalivyo vitabuni: akimkhofia mtoto tu, atafungua, atalipa siku zake, na atatoa kibaba kwa kila siku. Jawabu ilikuwa sahihi. Lakini sikumuuliza mwanamke yu hali gani. Yule bwana akavihesabu vibaba, akaona ni vingi, akamwacha mkewe aendelee kufunga huku akizimia. Kabla ya Idi mimba ikatoka. Sisemi saumu ndiyo iliyoitoa. Mungu ndiye ajuaye. Nasema kuwa niliulizwa habari za watu wawili, nikajibu habari za vibaba. Tangu siku ile, ajapo mtu na swali kama hili, humuuliza kwanza: "Amekula nini jana? Ameonwa na mkunga au tabibu?" Ndipo nifunguapo kitabu.

Basi enyi ndugu, mafakihi wetu humwekea aliye tumboni fungu lake la mirathi kabla hajavuta pumzi. Ikiwa mali yake yahifadhiwa, mwili wake wastahiki zaidi. Mpelekeni mke kliniki mapema, mpeni chakula, msimpe dawa pasi na kuuliza, msivute sigara mbele yake, msimtishe. Mkiisha kuyatenda hayo, na litakalokuja likaja, hapo semeni "ndivyo alivyoandikiwa", nanyi mtakuwa wakweli.

Wallahu aalam.