Waliobaki na boma

Tukitaja Vita vya Kagera tunawataja askari, na wanastahili. Lakini Mwalimu Nyerere alipotangaza Novemba 2, 1978 kwamba tutampiga Idi Amin wa Uganda, mgambo nao waliitwa kutoka vijijini, na nyumba zikabaki na akina mama. Mbulu na Hanang, wakati huo zikiwa ndani ya Mkoa wa Arusha, ziko mbali na Mto Kagera. Mizinga haikusikika huku. Ng'ombe walitaka kukamuliwa vilevile. Mahindi hayakungoja vita viishe. Mama aliamua peke yake mbegu ipandwe lini, ndama auzwe au aachwe, mambo ambayo jana tu yalimsubiri baba. Jioni watu walikusanyika kwa mwenye redio, wasikilize Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, watu walishangilia, ila majeshi yetu yalisonga mbele hadi mpaka wa Sudani mwezi Juni. Baadhi ya askari wetu waliokufa wamezikwa Kaboya, Kagera.

Kama kwa jirani yako yupo bibi aliyebaki na boma miezi ile, mpitie leo. Msalimu, muulize waliishije, na uandike atakachosema.