Nani Amwambie Mzee?

Upo ukweli ambao huwa mzito kuusema kwa sababu tu tunampenda yule anayestahili kuusikia. Nililifikiria sana jambo hili mwaka 2015, nilipokuwa mgeni wa mpwa wangu katika mji wa Denver, Marekani.

Wamarekani wana kandanda yao, ambayo huchezwa zaidi kwa mikono. Kiongozi wa mashambulizi huitwa kwotabeki: yeye huupokea mpira, hutafuta mwenzake aliye wazi, kisha humrushia kabla hajaangushwa. Kwotabeki wa Denver alikuwa Peyton Manning, mwenye umri wa miaka 39. Mwaka 2013 alikuwa amerusha pasi 55 za mabao, na hakuna aliyewahi kufikisha idadi hiyo kwa msimu mmoja.

Tarehe 15 Novemba 2015 tulikaa mbele ya televisheni. Siku hiyo Manning aliivunja rekodi ya Brett Favre ya jumla ya yadi za pasi. Lakini siku hiyo hiyo, kati ya pasi 20 alizorusha, 5 tu ziliwafikia wenzake, na 4 zikadakwa na wapinzani. Kocha akamtoa, akamwingiza kijana.

Ubishi ukazuka. Mpwa wangu akasema, "Huyu amekwisha." Rafiki yake, mzaliwa wa Tanga, akamkemea: "Mtu aliyewapeni heshima yote hii, leo mnamtupa kama ganda la muwa?" Kisha wakanigeukia: "Mjomba, wewe wasemaje?"

Nilinyamaza, maana nilimkumbuka marehemu baba. Alikuwa fundi seremala. Macho yake yalipoanza kufifia, sisi wanawe tuliona jinsi miguu ya meza zake ilivyopishana, nasi tukafunga midomo tukidhani ndiyo adabu. Siku moja mteja akairudisha meza, akamfokea mbele ya watu. Baba hakuniuliza kuhusu meza. Aliniuliza, "Mlikuwa mnajua?" Swali hilo sijalijibu mpaka leo.

Manning alirudi uwanjani Januari 2016, na tarehe 7 Februari timu yake ikatwaa ubingwa wa Super Bowl kwa 24 kwa 10. Yeye alirusha yadi 141 tu. Walinzi ndio walioubeba mchezo, na mmoja wao, Von Miller, akatajwa mchezaji bora wa siku hiyo. Mwezi uliofuata Manning akastaafu. Wabishi wangu wawili kila mmoja akadai ameshinda.

Mimi naona kila mmoja alishika nusu ya ukweli. Mkono ulikuwa umechoka, na kuusifu ungali umechoka ni kumdanganya mwenyewe. Lakini mtu si mkono wake peke yake. Anayesema "mkono umechoka" amesema kweli. Anayesema "mtu amekwisha" amevuka mpaka.

Basi nani amwambie mzee? Nadhani ni yule ampendaye, tena mapema, faraghani, na akiwa tayari kumwonyesha kazi nyingine inayomfaa. Baba angeweza kuwafundisha vijana kuchagua mbao. Tungemwambia hivyo sisi, asingelazimika kuyasikia ya mteja.

Sasa nami navaa miwani. Wanangu wakiniona nakosea, naomba wasininyamazie.